Ndege wa Udongo Kando ya Hori

Jumatatu, tarehe 22 Desemba 1952. Mvua ilianza Kishanda kabla ya mapambazuko, mvua nyembamba isiyo na radi wala upepo, na kulipokucha ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Mtu akisimama mlangoni hakuweza kuuona mwisho wa kibanja chake.

Immakulata alikata jani la mgomba, akajifunika kichwani, akaanza kuteremka kwenda kigangoni. Mama yake, Kemilembe, alimwita kutoka jikoni.

"We Imma! Siku ya kuposwa msichana anakwenda kukanyaga tope?"

"Nakwenda kulitazama pango la Noeli, mama. Paa likivuja, sanamu zangu zitayeyuka."

"Paa lile aliliezeka nani?"

Immakulata alilivuta jani likamfunika uso. Mama yake akacheka peke yake kule kwenye moshi.

"Basi halivuji. Nenda, ila urudi upesi. Nyasi za kutandaza bado ziko nje na wageni wako njiani."

Paa lile aliliezeka Lukmani. Alikuwa fundi bati wa Bukoba mjini, kijana Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akaoa Mhaya na kubaki. Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, kigango cha Kishanda kilipata mabati ya kwanza, na wazee wakamwita yeye kwa sababu hawakumpata fundi mwingine aliyeijua kazi hiyo. Lukmani alikuwa juu akipigilia misumari, na Immakulata, aliyekuwa na zamu ya kufagia, alikuwa chini. Mapenzi yao yalianza hivyo, mmoja akiinua macho na mwingine akiyateremsha. Baada ya kazi kwisha, Lukmani alikuwa akija gulio la Muleba hata siku ambazo hakuwa na kitu cha kuuza.

Na leo alikuwa anakuja na Mzee Omary, baba yake mdogo aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, kuleta posa.

Alipokikaribia kigango, Immakulata alimwona mtu amesimama chini ya upenu. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na viatu alivishika mkononi ili visichafuke. Moyo wake ulimtambua kabla ya macho.

"Lukmani! Mbona mapema hivi?"

"Nililala Muleba. Baba mdogo yuko dukani kwa rafiki yake, anakunywa chai, anasema hatembei kwenye ukungu kama mwizi. Mimi nimeshindwa kungoja."

"Ungengoja. Watu wakitukuta hapa wawili tu, watasema."

"Wewe ingia ndani, mimi nibaki nje. Mlango uko wazi. Watasema nini? Kwamba fundi amekuja kulitazama paa lake." Alimtazama kwa macho yale ambayo Immakulata aliyaona usiku akifumba yake. "Linavuja?"

"Halivuji."

"Nilijua," akasema, na uso wake ukawa wa mtoto aliyesifiwa.

Immakulata aliingia, akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba. Pango lilikuwa upande wa kushoto wa altare. Alilijenga kwa matete na maganda makavu ya migomba, na sanamu alizifinyanga mwenyewe kwa udongo aliouchota bondeni. Ng'ombe alikuwa na pembe ndefu kama ng'ombe wa huko kwao. Yosefu alivaa kanzu. Mariamu alifunga kitambaa kichwani, na mtoto alilala juu ya nyasi laini, mikono wazi. Kando ya hori, karibu na mkono wa mtoto, palikuwa na ndege wadogo wa udongo, mabawa yao yamefunuliwa kidogo.

Lukmani alichungulia kutoka mlangoni. Alitabasamu kumwona Yosefu na kanzu yake. Halafu tabasamu likakatika.

"Imma. Hao ndege umewaweka wewe?"

"Nimewaweka mimi."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliniambia?"

Ndiyo, alimwambia. Ilikuwa siku ya mwisho ya kazi, naye alikuwa anashuka ngazi. Immakulata alimwuliza kwa utani, "Maskini ninyi, hamna Noeli?" Naye akajibu, "Hatuna Noeli, lakini mtoto tunaye." Akaketi kwenye ngazi akamsimulia. Kwamba Mariamu aliporudi kwa jamaa zake akiwa amembeba mtoto, walimsimanga, naye hakujitetea, alimwonyesha mtoto tu kwa kidole. Na mtoto, akiwa bado mchanga, akasema kumtetea mama yake. Kwamba baadaye Isa alifinyanga udongo kwa umbo la ndege, akapuliza, nao wakaruka.

"Kwetu mtoto hasemi," Immakulata alimwambia siku ile. "Analia tu kama watoto wengine."

"Mnampenda vipi mtoto anayelia tu?"

"Ndiyo maana tunampenda." Alifikiri kidogo. "Na huyo wa kwenu, alipomtetea mama yake, alisema nini?"

"Alisema, mimi ni mtumishi wa Mungu."

"Mtumishi tu?"

"Mtumishi."

Hapo Lukmani alisimama akakusanya misumari yake, na kwa mara ya kwanza kukawa na kitu kizito kati yao. Lakini Immakulata alikwenda na wale ndege moyoni. Alipokuwa akifinyanga mwaka huu, vidole vyake viliwatengeneza karibu vyenyewe. Aliona kwamba kama hadithi ya Lukmani ingeweza kulala usiku mmoja kando ya mtoto wake, basi pengine na wao wawili wangeweza kuishi chini ya paa moja.

"Waondoe," Lukmani alisema sasa.

"Kwani ni vibaya?"

"Hadithi ile nilikupa wewe. Sikuwapa watu wa kanisani."

Immakulata alinyoosha mkono kuwachukua, lakini kengele ya baiskeli ililia nje. Alikuwa katekista Clavery, mzee mfupi mwenye koti zito, aliyemfundisha Immakulata sala zake zote. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akapangusa miguu.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina, mwalimu."

"Fundi naye yupo! Salaam, fundi. Umekuja kudai sifa zako? Paa zuri, tunakusifu." Alikwenda moja kwa moja kwenye pango, akainama, akaweka mikono kiunoni. "Ah, mwanangu. Ah! Ng'ombe huyu akikohoa sitashangaa. Padri akija atafurahi." Kidole chake kikafika kando ya hori. "Na hawa? Ni njiwa wale waliotolewa hekaluni?"

"Ndiyo, njiwa," Lukmani alisema upesi kutoka mlangoni.

Mvua iliendelea kutiririka kwenye mabati. Immakulata aliona njia ilivyofunguliwa. Alihitaji tu kunyamaza. Mzee Clavery angeondoka akiwa na furaha, posa ingepokewa, na hakuna ambaye angeumia. Akamtazama mtoto aliyemfinyanga mwenyewe, mikono wazi, na akajua kwamba mbele yake hawezi.

"Si njiwa, mwalimu," akasema. "Ni ndege ambao Waislamu wanasema Yesu aliwafinyanga utotoni. Nilisimuliwa, nikawapenda."

Clavery hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mwanangu, Injili haina ndege hao."

"Najua."

"Unajua, na umewaweka mbele ya altare? Watu watasujudu hapa usiku wa Noeli." Alitoa kitambaa mfukoni, akawakusanya ndege mmoja mmoja kwa uangalifu kama vile wako hai. "Baba yako ni mwenyekiti wa kigango. Sitaki alisikie njiani kwa wanawake. Atalisikia kwangu."

Baiskeli ilipopotea kwenye ukungu, Lukmani alisogea mpaka kizingitini, lakini hakuingia.

"Nilikwisha kukuokoa, Imma. Kwa nini hukuniacha?"

"Ulisema uongo juu ya mtoto yule."

"Uongo mdogo. Kwa ajili yako."

"Najua ni kwa ajili yangu," Immakulata alisema. "Hicho ndicho kinachonitia hofu."

*

Nyumba ya Mzee Rugemalira ilikuwa imetandazwa nyasi mpya, na harufu yake ilijaa mpaka nje. Uani, chini ya mti wa mbuni, alifungwa beberu mweusi. Hakuchinjwa bado. Rugemalira alisema wazi tangu wiki iliyopita: mgeni wake ni Mwislamu, basi mgeni atachinja kwa mkono wake mwenyewe, ale kwa amani. Naye Kemilembe alikamua ndizi mbivu akayaacha maji yake bila kuyatia mtama, ili yasichache. Hayo yote waliyafanya bila kuombwa na mtu.

Mzee Omary alifika mvua ilipopungua, mwavuli mkubwa mkononi, na Lukmani nyuma yake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, muuza vitambaa mjini. Rugemalira alimpokea mlangoni.

"Karibuni, waitu, ndugu zetu, karibuni ndani."

"Tumekaribia. Mzee, kilima chenu hiki kimeninyang'anya pumzi yote. Nikishindwa kusema leo, msidhani sina maneno."

Waliketi. Rugemalira alitwaa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akatia punje kinywani mwake kwanza, kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue hakuna ubaya, kisha akampa Omary kwa mikono miwili. Omary akatafuna, akafumba macho.

"Kahawa nzuri. Na kanzu yako, Mzee Rugemalira, ni nyeupe kuliko yangu. Mtu akiingia sasa hivi atauliza nani hapa ni shehe."

Watu wote wakacheka, hata Immakulata aliyekuwa nyuma ya pazia la matete pamoja na mama yake. Kemilembe alimfinya mkono.

"Nimempenda huyu mzee," alimnong'oneza. "Na kijana wako ana adabu. Tazama alivyokaa. Lakini wewe huna raha. Una nini?"

"Mama, niombee."

"Nikuombee nini sasa, na mambo yanakwenda vizuri?"

Kweli yalikuwa yanakwenda vizuri. Omary alieleza kwamba dini yao inamruhusu kijana kuoa binti wa watu wa Kitabu bila kumwondoa katika dini yake. Binti atakwenda kanisani kwake, hakuna atakayemzuia. Rugemalira alisikiliza akitikisa kichwa polepole. Immakulata aliliona bega la baba yake likilegea, naye akaanza kupumua.

Ndipo Clavery alipobisha hodi.

"Mwenyekiti, samahani. Nina neno dogo. Tutoke nje kidogo."

"Tutoke kwenye mvua, mwalimu? Kaa. Sema hapa hapa. Wageni hawa ni watu wa nyumbani."

"Afadhali nje, Rugemalira."

"Nimesema ni watu wa nyumbani. Kaa, useme."

Alisema vile kwa heshima ya wageni, na heshima hiyo ndiyo iliyovunja siku. Clavery aliketi, akakifungua kitambaa juu ya nyasi. Ndege wa udongo wakalala pale katikati ya wazee. Akaeleza alivyowakuta na alivyojibiwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Rugemalira alimchukua ndege mmoja, akamgeuza kiganjani.

"Imma," aliita. "Njoo."

Immakulata alitoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Umewafinyanga wewe?"

"Mimi, tata."

"Hadithi ulipewa na nani?"

Kabla hajajibu, Lukmani alisema, "Na mimi, mzee. Kosa ni langu."

"Kosa lipi?" Mzee Omary aliuliza, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Kijana amesema kilichomo katika Kurani tukufu. Isa mwana wa Mariamu, amani iwe juu yake, alifinyanga ndege na wakaruka kwa idhini ya Mungu. Na sisi tunampenda, Mzee Rugemalira. Mama yake tunamheshimu. Hatumtaji bila kumwombea amani."

"Kwa idhini ya Mungu," Clavery alirudia kwa upole. "Hapo ndipo tunapoachana, mzee wangu. Sisi tunasema yule mtoto hakuhitaji kuomba idhini. Ndege wote walioko huko nje mitini aliwaumba yeye."

"Mtoto aliyenyonya?"

"Mtoto aliyenyonya."

"Astaghfirullah. Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, mwalimu."

"Na mimi kila siku nasema kwamba alizaliwa kwa ajili yangu. Nikiacha kusema hivyo, sina cha kufundisha."

Hawakugombana. Walizungumza kama watu wawili waliosimama kwenye kingo mbili za mto mpana, kila mmoja akiona vizuri kwamba mwenzake hawezi kuvuka. Rugemalira aliinua mkono, wakanyamaza.

"Mimi si mtu wa mabishano," akasema. "Nauliza neno la nyumbani tu. Lukmani."

"Naam, mzee."

"Mungu akiwapa mtoto. Usiku wa Noeli Imma anampeleka kanisani. Mtoto anarudi anakuuliza, baba, yule aliyelala kwenye nyasi ni nani? Utamjibu nini?"

"Nitamwambia ni Masihi. Mtume mtukufu, mwana wa bikira Mariamu."

"Imma, akikuuliza wewe?"

Immakulata alihisi macho ya Lukmani upande wa shavu lake, ya moto, yakimwomba.

"Nitamwambia ni Mungu wetu, tata."

"Basi atamwamini nani? Mmoja wenu atakuwa mwongo mbele ya mtoto wake."

"Wapo watu wanaoishi hivyo, baba yake Imma," Kemilembe alisema kutoka nyuma ya pazia, sauti yake ikikatika. "Mjini wapo."

"Wapo, mama. Sisemi hawapo." Rugemalira aligeukia uani, ambako migomba ilikuwa inadondosha maji. "Lakini nyuma ya nyumba hii iko misalaba. Baba yangu yuko pale, alibatizwa akiwa na mvi. Wadogo zake Imma wako pale, wawili, niliwazika kwa mikono hii. Mtoto huyu ndiye niliyebakiwa naye. Wajukuu wangu watalala wapi? Mzee Omary, niambie wewe. Watoto wa kijana wako watakuwa wa nani?"

Omary hakutaka kujibu, lakini hakuwa mtu wa kudanganya.

"Watoto ni wa baba yao. Watakuwa Waislamu."

"Na kwetu padri hatafungisha ndoa bila kijana kuahidi kwamba watabatizwa," Clavery alisema, akitazama chini. "Natamani ingekuwa vinginevyo. Nimemjua binti huyu tangu akiwa mgongoni."

Uani yule beberu alilia mara moja, akanyamaza. Hakuna aliyekikumbuka tena kisu.

Immakulata alimwinulia Lukmani macho. Katika mwaka mzima hawakuwahi kutazamana hivyo mbele ya watu. Aliona matone ya mvua bado kwenye nyusi zake. Aliona mikono ile iliyojaa makovu ya mabati, imeshikana magotini kama mikono ya mtu anayezuia kitu kisianguke. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na alijua kwamba mapenzi yale hayatapungua kwa sababu ya neno lolote litakalosemwa katika nyumba hii. Hilo ndilo lililomuuma.

Rugemalira naye aliwaona wanavyotazamana. Alikuwa baba. Uso wake ulilegea, na aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Kijana, nisikilize. Sina chuki na wewe. Ulitujengea paa, na beberu yule nilimfunga pale kwa furaha. Mimi si padri, siwezi kukubatiza. Lakini sema neno moja tu mbele yangu. Sema unaamini kwamba mtoto yule ni Mwana wa Mungu. Ukilisema, kesho nakupeleka mwenyewe kwa padri uanze mafundisho, na mafundisho yakiisha, Imma ni wako. Sitaki ng'ombe, sitaki kitu. Neno moja."

"Rugemalira," Clavery alianza, "imani hainunuliwi..."

"Niache, mwalimu. Ni binti yangu."

Mzee Omary alisimama. Alisimama kwa shida, akishika ukuta.

"Lukmani. Baba yako alipokuwa anakata roho alikuweka mikononi mwangu, akaniambia nikulee katika dini. Ukilisema hilo neno, usiteremke kilima na mimi. Mlango wangu utakuwa umefungwa, na mimi nitalia nyuma yake mpaka nife."

"Baba mdogo..."

"Sikukatazi kumpenda. Msichana ni mzuri, na ni mkweli kuliko wewe. Nakukataza kumshirikisha Mungu kwa sababu ya mwanamke."

Kemilembe alianza kulia, kilio kidogo cha pua. Lukmani alitazama kikapu cha kahawa, akawatazama ndege, akamtazama mzee aliyemlea. Mwishowe alimtazama Immakulata, na hapo Immakulata alijua.

Aliliona lile neno likipanda kifuani mwake. Hakuliamini. Siku ile kwenye ngazi alisema "mtumishi", na alilisema kama mtu anavyotaja jina la mama yake. Imani hiyo haikubadilika tangu siku hiyo. Lakini alikuwa anakwenda kulisema lile jingine, kama alivyosema "njiwa" asubuhi, upesi, kwa upendo, na kila Jumapili angepiga magoti kando yake akiwa na uongo ule kinywani. Na usiku angelala macho wazi, akimkumbuka mzee anayelia nyuma ya mlango. Angefanya hivyo mpaka uzee, bila kulalamika hata siku moja. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Ee Bwana, aliomba moyoni, niliomba unipe. Sasa nisaidie kumrudisha.

Lukmani alivuta pumzi. "Mzee Rugemalira," akasema, "mimi naamini kwamba..."

"Usiseme!"

Immakulata alikuwa amesimama. Msichana hasimami wazee wakiwa wameketi, wala hapazi sauti siku ya kuposwa, na Clavery aliinua kichwa kwa mshangao.

"Imma, niache," Lukmani alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Ni neno moja tu. Naweza kulisema."

"Unaweza. Lakini unaliamini?"

Lukmani aliinamisha kichwa.

"Niangalie, Lukmani. Unaliamini?"

"Nakuamini wewe."

"Basi utakuwa umenifanya mimi mungu wako," Immakulata alisema, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Mimi ni binti wa Kishanda. Nitazeeka, nitanuna, siku nyingine nitakuudhi. Siku hiyo utamwomba nani? Wa kwako utakuwa umemwacha, na wa kwangu hukumpata. Sitaki kukufanyia hivyo. Nakupenda mno."

"Mama yangu," Kemilembe alilia, "mwanangu anasema nini?"

"Kaa chini, Imma," baba yake alisema kwa sauti ya kuvunjika. "Kaa. Tutazungumza. Siku hazijaisha. Labda baada ya Noeli..."

"Hapana, tata. Tukingoja baada ya Noeli, atalisema. Atalisema Pasaka. Atalisema siku yoyote nitakayomtazama." Alimgeukia Mzee Omary, akapiga goti kidogo kama anavyomsalimu baba. "Mzee wangu, nisamehe kwa njia yote uliyotembea. Rudi naye nyumbani. Usimfungie mlango, hajasema kitu. Mimi ni shahidi kwamba hajasema kitu."

Omary alifunika uso kwa ncha ya kilemba chake.

Immakulata alisogea mpaka katikati ya nyumba, juu ya nyasi mpya, ambapo wote waliweza kumwona. Alijua kwamba akiliacha jambo hili nusu, moyo wake utalimaliza upande mwingine kabla ya jua kuzama. Alifanya ishara ya msalaba polepole, kama alivyofundishwa utotoni, kisha akateremsha mikono. Hakumtazama Lukmani. Kama angemtazama, asingeweza.

"Baba yangu Rugemalira, mama yangu Kemilembe, mwalimu Clavery, na wewe Mzee Omary uliyemlea," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "ninyi nyote ni mashahidi wangu mbele ya Mungu. Naahidi leo kwamba sitaolewa na Lukmani. Hata akirudi peke yake, hata akija na neno hilo mdomoni, sitaolewa naye. Asije akamwambia Mungu uongo kwa sababu yangu."